Annie Oakley: Malkia wa shabaha aliyejua thamani ya bunduki inayomtosha mtu

MNAMO Aprili 1887, mwanamke mmoja mfupi wa kimo aliwasili London huku sifa zake zikiwa zimetangulia kuvuka bahari ya Atlantiki. Jina lake lilikuwa Annie Oakley, raia wa Marekani, na kazi yake ilikuwa kulenga shabaha mbele ya maelfu ya watu katika onyesho mashuhuri la Buffalo Bill.

Hata hivyo, alipojaribu bahati yake katika viwanja vya Uingereza vya kulengea njiwa, mambo yalimwendea kombo. Njiwa wa huko walipaa kwa kasi kuliko wale aliowazoea nyumbani, na wengi walimponyoka. Kwa mtu aliyetangazwa kila mahali kwamba hakosi, hilo lilikuwa pigo.

Aliyemwokoa ni fundi wa kampuni maarufu ya bunduki ya Charles Lancaster jijini humo. Fundi huyo alibaini kwamba kasoro haikuwa katika jicho wala mkono wa mgeni wake. Kasoro ilikuwa katika bunduki yenyewe. Ilikuwa nzito mno kwa mtu mwenye kimo cha futi 5, na tako lake halikuchongwa kwa kufuata mwili wake.

Fundi huyo alimtengenezea bunduki nyingine za marisau, nyepesi na zilizopimwa kwake kama fundi cherehani anavyompimia mteja nguo. Annie alirejea uwanjani, na wapinzani wake wakayaona yale waliyokuwa wakiyasikia kwa mbali.

Somo hilo alilishika hadi mwisho wa uhai wake, na ndilo alilowapa maelfu ya wanawake waliokuja kwake wakitaka kujifunza. Ili kuelewa kwa nini lilimgusa sana, ni sharti kurudi kijijini alikozaliwa.

Utoto wa dhiki

Annie alizaliwa Agosti 13, 1860, katika kaunti ya Darke, jimbo la Ohio, na kupewa jina la Phoebe Ann. Wazazi wake, Jacob na Susan, walikuwa wakulima maskini. Baba yake alinaswa na dhoruba ya theluji alipokuwa safarini, akaugua na kufariki mwaka wa 1866. Mjane wake aliachwa na kundi la watoto na deni la shamba.

Bunduki ya kwanza aliyoishika Annie ilikuwa gobori la marehemu baba yake, lililotundikwa ukutani juu ya meko. Alikuwa na umri wa miaka 8 alipoliteremsha, akalijaza baruti na kumlenga kindi mmoja. Alimpata.

Umaskini ulipozidi, mama yake alilazimika kumpeleka katika makao ya maskini ya kaunti hiyo. Huko alifunzwa kushona na kutarizi, ujuzi ambao ungemfaa sana baadaye. Kisha akachukuliwa na familia moja iliyodai kutaka msichana wa kuwasaidia kazi ndogondogo za nyumbani.

Maisha katika nyumba hiyo yalikuwa jehanamu. Alifanyishwa kazi usiku na mchana, akapigwa, na wakati mmoja akafungiwa nje katika baridi kali bila viatu. Maisha yake yote hakuwahi kuitaja familia hiyo kwa jina lake halisi. Aliwaita mbwamwitu, basi. Baada ya takriban miaka 2 alitoroka na hatimaye akarejea kwa mama yake.

Msichana huyo alirudi na azma moja: nyumba yao isikose chakula tena. Aliingia msituni na bunduki ya babake, akawinda kware, sungura na ndege wengine, na kuwauzia wenye duka mjini Greenville. Wao nao walisafirisha nyama hiyo hadi hoteli za jiji la Cincinnati. Inasimuliwa kwamba wapishi waliipenda kwa sababu wanyama wake walipigwa kichwani, hivyo nyama haikuharibika.

Kutokana na biashara hiyo, alimaliza kulipa deni la nyumba ya mama yake akiwa na umri wa miaka 15. Wengi humkumbuka kwa vyeti na medali alizopata baadaye. Lakini ushindi wake wa kwanza ulikuwa huo, na haukuwa na watazamaji.

Shindano la Cincinnati

Umahiri wake ulipofika masikioni mwa mwenye hoteli mmoja wa Cincinnati, mtego uliandaliwa. Jijini humo alikuwapo Frank Butler, mzaliwa wa Ireland aliyezunguka majukwaani akionyesha ustadi wa shabaha na kujigamba kwamba angemshinda yeyote. Alikubali kuweka dola 100 dhidi ya mpinzani asiyemjua.

Alipofika uwanjani, alimkuta msichana mdogo aliyevalia gauni. Walipokezana kulenga ndege mmoja baada ya mwingine. Frank alikosa wa 25. Annie hakukosa hata mmoja.

Simulizi ya zamani inasema shindano hilo lilifanyika mwaka wa 1875, ilhali baadhi ya wanahistoria wanaamini ni 1881. Annie mwenyewe alichangia mkanganyiko huo. Mwaka wa 1886, msichana mwenye umri wa miaka 15 aliyeitwa Lillian Smith alipojiunga na onyesho la Buffalo Bill, Annie alianza kudai kwamba alizaliwa mwaka wa 1866. Kwa hivyo tarehe nyingi za ujana wake zilisogezwa mbele.

La uhakika ni kwamba Frank hakuweka kinyongo. Alimpenda msichana aliyemshinda, akamwoa, na cheti chao cha ndoa kutoka Windsor, Kanada, kina tarehe ya Juni 20, 1882. Mwaka huohuo, mwenzake Frank wa jukwaani alipougua, Annie alisimama mahali pake. Hapo ndipo alipojitwalia jina la Oakley.

Muda si mrefu, Frank alitambua kwamba watu walikuja kumtazama mkewe. Badala ya kushindana naye, alijiondoa mbele na kuwa meneja wake, akimrushia shabaha na kuandaa mikataba. Mchezo maarufu wa muziki wa mwaka wa 1946 kuhusu maisha yake unamwonyesha Annie akikubali kushindwa makusudi ili asimpoteze mwanamume anayempenda. Ukweli ni kinyume kabisa. Hakuwahi kuhitaji kujifanya dhaifu ili apendwe.

Jina kutoka kwa Sitting Bull

Mnamo 1884, mjini St Paul, jimbo la Minnesota, kiongozi wa Walakota, Sitting Bull, aliliona onyesho lake na kuvutiwa mno. Alimfanya kuwa binti yake wa hiari na kumpa jina katika lugha yake, ambalo hufasiriwa kuwa mdogo asiyekosa shabaha.

Mapema mwaka uliofuata, jijini Cincinnati, Annie alijipima kwa namna ambayo wachache wangethubutu. Alilenga mipira 5,000 ya kioo iliyorushwa hewani kwa siku moja, akitumia bunduki 3 na kuzijaza risasi mwenyewe. Kazi hiyo ilimchukua takriban saa 9, naye akavunja mipira 4,772.

Mwezi Aprili 1885 alijiunga na onyesho la William Cody, almaarufu Buffalo Bill, na kudumu nalo hadi 1901. Aliingia uwanjani akikimbia, akaruka juu ya meza, akaichukua bunduki na kuvunja shabaha zilizokwisha kurushwa kabla hajaruka. Aliweza kuipiga karata iliyosimamishwa ubavu, na kulenga nyuma yake akitazama kwenye kioo. Alitumbuiza mbele ya Malkia Victoria mwaka wa 1887, na Paris mwaka wa 1889.

Mavazi yake aliyashona kwa mikono yake mwenyewe, kwa ufundi aliopata katika makao ya maskini. Alivalia sketi pana iliyopita magoti, soksi nzito za kufunika miguu na blauzi yenye nafasi mabegani. Hakutaka kuvaa suruali, kwani alishikilia kwamba mwanamke anaweza kulenga shabaha bila kupoteza heshima yake. Wakati huohuo, nguo hizo hazikumbana anapoinua bunduki. Urembo na kazi alivishona katika vazi moja.

Vita vya kutetea jina

Usiku wa kuamkia Oktoba 29, 1901, treni iliyobeba onyesho hilo iligongana na nyingine katika jimbo la North Carolina, na farasi wengi wakafa. Baada ya ajali hiyo Annie aliagana na Buffalo Bill.

Lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa bado njiani, na lilitoka katika kalamu. Mnamo Agosti 1903, magazeti ya bwanyenye William Randolph Hearst mjini Chicago yalichapisha kwamba Annie Oakley alikuwa amefungwa jela kwa kuiba suruali ya mwanamume ili apate fedha za kununulia kokeini. Magazeti mengine kote nchini yalinakili habari hiyo bila kuichunguza.

Aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine kabisa, aliyewahi kutumia jina linalofanana na hilo jukwaani. Magazeti mengi yalichapisha marekebisho. Kwa Annie, hilo halikutosha. Mtoto aliyetoka katika makao ya maskini hakuwa na urithi mwingine zaidi ya jina lake.

Alifungua kesi dhidi ya magazeti 55. Kwa miaka 6 alisafiri kutoka mahakama moja hadi nyingine, akijibu maswali ya mawakili. Hearst alimtuma mpelelezi hadi Darke kuchimbua uchafu wa kumchafulia jina, lakini akarudi mikono mitupu. Kufikia 1910, Annie alikuwa ameshinda au kulipwa fidia katika kesi 54 kati ya 55. Gharama zilimeza sehemu kubwa ya fedha hizo, lakini jina lake lilirudi safi.

Mwalimu wa wanawake

Kuanzia mwaka wa 1915, Annie na Frank walikuwa wakikaa majira ya baridi huko Pinehurst, North Carolina, mji wa mapumziko wenye uwanja wa shabaha. Huko ndiko alikojitosa katika kufundisha. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake aliwafunza wanawake wapatao 15,000.

Mwaka wa 1898, Annie alikuwa amemwandikia Rais William McKinley akijitolea kuongoza kikosi cha wanawake 50 walenga shabaha, ambao wangejigharimia silaha na risasi, iwapo Marekani ingeingia vitani na Uhispania. Ombi hilo halikukubaliwa. Pinehurst ilimpa fursa ya kuonyesha kwamba hakuwa akitania.

Alikataa kuisifu kampuni moja ya bunduki na kuzibeza nyingine. Yeye mwenyewe alitumia nyingi, za Marekani na za Ulaya, na alishikilia kwamba anayedai aina moja inazishinda zote anaonyesha jinsi anavyojua kidogo. Swali lake halikuwa nani aliyeitengeneza bunduki. Aliuliza kama ilimtosha anayeishika.

Kanuni hiyo bado ndiyo ya kwanza kwa kila anayeanza. Bunduki inapoinuliwa, shavu linapaswa kutua juu ya tako bila shingo kupinda, na jicho litazame moja kwa moja juu ya mtutu. Tako likiwa refu kupita kiasi, hunasa kwenye nguo za kwapani. Likiwa fupi, kidole gumba hugonga pua. Mwanamke mfupi anayekabidhiwa bunduki ya mumewe mrefu hukosa shabaha kisha hujilaumu bure, kama alivyokaribia kufanya Annie kule London.

Jambo la pili ni ukubwa wa tundu la mtutu, ambao hutajwa kwa namba. Hesabu yake inawachanganya wengi kwa sababu namba kubwa humaanisha tundu dogo. Namba 12 ina maana kwamba risasi 12 za mviringo, zenye upana wa tundu hilo, zingetoka katika ratili moja ya risasi. Namba 20 ina maana kwamba zingetoka 20. Namba 12 hutupa marisau mengi zaidi, na namba 20 mara nyingi huwa nyepesi mikononi.

Ila wepesi nao una gharama yake. Bunduki nyepesi husukuma bega kwa nguvu zaidi ikijazwa risasi nzito. Anayechagua bunduki nyepesi hana budi kuchagua na risasi zenye baruti na marisau kidogo, la sivyo ataanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Annie alizingatia sana suala la baruti, na mwaka wa 1914 kijitabu chake kuhusu aina alizozitumia kilichapishwa.

Mchezo mpya wazaliwa

Wakati Annie akifundisha Pinehurst, wawindaji wa mji wa Andover, Massachusetts, wakiongozwa na Charles Davies na mwenzao William Harnden Foster, walikuwa wakibuni zoezi jipya la kunoa shabaha. Walitumia visahani vya udongo, ambavyo vilivumbuliwa mwaka wa 1880 na George Ligowsky, mkazi wa Cincinnati, na kuchukua nafasi ya mipira ya kioo.

Mwanzoni walizunguka duara zima wakilenga visahani kutoka kila pembe. Mnamo 1923, jirani alianzisha ufugaji wa kuku kando ya uwanja huo, na marisau hayangeweza tena kuelekezwa upande wake. Wakalikata duara nusu na kuweka mtambo wa pili wa kurushia visahani upande wa pili. Hivyo ndivyo mchezo ulivyopata umbo lake: vibanda 2, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vituo 8 vya kusimama, na visahani 25 kwa kila mzunguko.

Kwa kuwa katika vituo kadhaa visahani hurushwa 2 kwa pamoja, mchezaji huhitaji bunduki yenye uwezo wa kufyatua mara 2 mfululizo, ama ya mitutu miwili au inayojijaza yenyewe. Shabaha huwa karibu, hivyo mtutu usiobanwa sana mdomoni, unaotawanya marisau mapema, ndio unaofaa. Kwa anayeanza, miwani ya kukinga macho na vifaa vya kuziba masikio si mapambo, kwani vipande vya udongo huanguka popote na kishindo huharibu uwezo wa kusikia polepole. Fulana yenye mifuko mipana ya risasi na nafasi mabegani hukamilisha orodha. Annie angeitambua mara moja, maana alikuwa ameshona ya kwake miaka mingi kabla.

Jina la mchezo lilitafutwa kwa shindano la jarida mwaka wa 1926. Mshindi alikuwa mwanamke, Gertrude Hurlbutt wa jimbo la Montana, aliyependekeza skeet, neno lenye asili ya Skandinavia linalohusu kufyatua, akatuzwa dola 100.

Siku za mwisho

Umri haukuuzima ustadi wa Annie. Mwaka wa 1922, akiwa amevuka umri wa miaka 60, alivunja visahani 100 mfululizo huko Pinehurst akiwa umbali wa yadi 16. Novemba mwaka huohuo aliumizwa vibaya katika ajali ya gari jimboni Florida, na tangu hapo akawa akitembea na chuma cha kuegemeza mguu. Hata hivyo, alirudi uwanjani.

Medali zake nyingi za dhahabu hakuziacha kabatini. Aliziyeyusha, akaziuza, na fedha akazitoa kwa shughuli za hisani. Aliyewahi kulala njaa hakuona maana ya dhahabu kukaa bure ilhali wapo wanaohitaji matibabu.

Annie Oakley aliaga dunia Novemba 3, 1926, mjini Greenville, kwa maradhi ya upungufu wa damu. Frank, ambaye walikuwa wameishi pamoja kwa miongo kadhaa, aliacha kula. Alifariki siku 18 baadaye, Novemba 21.

Mchezo uliopata jina mwaka aliofariki uliingia katika Olimpiki mwaka wa 1968, ambapo wanawake na wanaume walishindana pamoja. Mnamo 1992, jijini Barcelona, Zhang Shan wa Uchina aliwashinda wote na kutwaa dhahabu. Katika michezo iliyofuata ya 1996, wanawake hawakuwa na nafasi katika skeet, na walirejea mwaka wa 2000 wakiwa na shindano lao wenyewe.

Annie na Frank wamezikwa kando kwa kando katika makaburi ya Brock, katika kaunti ileile ya Darke, ambako msichana mdogo aliingia msituni na gobori la babake ili mama yake asinyang'anywe nyumba.